Alama 20 za Mannheim, vifo 24 vya Mwanza

Mwaka 2012 madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha hesabu ya wagonjwa 104 waliowatibu kwa utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, ile ambayo wengi wetu tunaiita taifodi. Walifariki 24. Hiyo ni asilimia 23.1, karibu mmoja katika kila wanne. Wala hawakuwa wazee waliokwisha kuchoka na maradhi mengine: kundi kubwa zaidi lilikuwa la vijana wa miaka 11 hadi 20.

Sasa chukua kipimo mashuhuri ambacho madaktari wa nchi nyingi hukitumia kubashiri nani atapona na nani yuko hatarini baada ya kupasuliwa tumbo lenye maambukizi makali. Kinaitwa Kipimo cha Mannheim. Mpe alama kijana wa kiume wa miaka 15 aliyefikishwa hospitali siku ya tatu ya maumivu, tumbo zima limeshambuliwa, ndani kuna usaha, lakini figo na mapafu bado vinafanya kazi. Anapata alama 20. Kwa jedwali lililotengenezwa Ulaya, wagonjwa wa kundi lake hufa kwa asilimia 2.3.

Kutoka 2.3 hadi 23.1 ni mara kumi. Wale 104 wa Bugando hawakuwa wote na alama 20, na nalisema jambo hilo kwa sababu haki ya hesabu inadai hivyo. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kupita bila kuulizwa linatoka wapi na linagharimu nini. Msimamo wangu nautoa mapema: kukokotoa alama ni bure, au karibu na bure. Kinachogharimu ni siku tatu zinazofuata baada ya alama kuandikwa, na huko ndiko hospitali zetu zinakobana matumizi.

Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba unaofunika matumbo na ukuta wa fumbatio. Ukiutandaza wote, eneo lake linakaribiana na ngozi ya mwili mzima. Kidole tumbo kikipasuka, kidonda cha tumbo kikitoboka, utumbo ukijisokota ukafa, kisu au usukani wa gari ukichana matumbo, au mshono wa upasuaji wa awali ukifumuka, uchafu humwagika juu ya utando huo. Bakteria hupata uwanja mpana wa kupenya kwenye damu. Mgonjwa hulala bila kujigeuza, magoti ameyakunja, tumbo limekaza kama ubao. Ndani ya saa chache mapigo ya moyo yanakimbia, pumzi inakuwa fupi, mkojo unapungua. Hapo maambukizi yamekuwa ya mwili mzima, hali ambayo madaktari wanaiita sepsisi. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2017 yaliweka sepsisi ya kila aina kwenye wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11, yaani karibu kifo kimoja katika kila vitano vya mwaka ule. Tumbo ni mojawapo ya milango yake mikubwa.

Tiba inajulikana na haijabadilika sana: dripu ya maji ya kutosha, antibiotiki kwenye mshipa, kisha kufungua tumbo, kuziba au kukata panapovuja, kusafisha kwa lita kadhaa za maji ya chumvi, na kumlinda mgonjwa hadi mwili ushike njia. Ubashiri unaingia kwenye sehemu hiyo ya mwisho. Daktari akitoka chumba cha upasuaji saa nane usiku na wagonjwa wawili, huku kitanda cha ICU kikiwa kimoja, anahitaji namba.

Namba ya Mannheim ilitokana na mafaili ya wagonjwa 1,253 wa Ujerumani waliotibiwa kati ya mwaka 1963 na 1979. Watafiti walipima mambo 20 yanayodhaniwa kuathiri kifo, wakabaki na 8, wakachapisha mwaka 1987. Umri kupita miaka 50 una alama 5. Kuwa mwanamke, 5. Kiungo kikubwa kushindwa kazi, 7. Saratani, 4. Maambukizi kudumu zaidi ya saa 24 kabla ya kisu, 4. Chanzo kisipokuwa utumbo mpana, 4. Maambukizi yakienea tumbo zima, 6. Mwisho ni majimaji yanayokutwa ndani: yakiwa meupe safi ni 0, yakiwa na usaha ni 6, yakiwa na kinyesi ni 12. Ukijumlisha alama zote za juu unafika 47.

Kiungo kushindwa kazi hakukuachwa kwenye hisia za daktari. Figo zinahesabiwa zimeshindwa kreatinini ikifika maikromoli 177 kwa lita, au mkojo ukiwa chini ya mililita 20 kwa saa. Mapafu yana mipaka yake ya oksijeni na hewa ya kaboni ndani ya damu. Mshtuko wa mzunguko wa damu nao umo, na utumbo uliokufa ganzi kwa saa 24 au zaidi.

Mwaka 1994 kipimo kilijaribiwa kwa wagonjwa 2,003 wa vituo saba vya Ulaya. Waliokuwa chini ya alama 21 walikufa kwa asilimia 2.3. Wa alama 21 hadi 29, asilimia 22.5. Waliozidi 29, asilimia 59.1. Ngazi hizo tatu ndizo zilizokipa umaarufu, na zinastahili sifa: kwa kalamu, karatasi na macho ya daktari aliyefungua tumbo, unapata kitu kinachotenganisha watu kwa uwazi kiasi hicho. Lakini soma pia mstari mdogo chini ya jedwali. Katika kundi la chini, kituo kimoja hakikupoteza mtu na kingine kilipoteza asilimia 11. Kundi la kati lilianzia 10.6 likafika 50. Alama ni ileile na bara ni lilelile, lakini hospitali zilitofautiana, na vifo navyo vikatofautiana mara tano.

Turudi kwa kijana wetu wa mfano. Miaka 15, alama 0. Mwanamume, 0. Viungo vinafanya kazi, 0. Hana saratani, 0. Siku ya tatu, 4. Taifodi hutoboa utumbo mwembamba, si mpana, kwa hiyo 4. Tumbo zima, 6. Usaha, 6. Jumla 20. Daktari akiyatazama majimaji yaleyale chini ya taa ya upasuaji akasema hapana, hiki ni kinyesi, jumla inapanda hadi 26 na kijana anahama kutoka kundi la asilimia 2.3 kwenda kundi la asilimia 22.5. Katika tumbo lililochafuka kwa siku tatu, usaha na kinyesi huchanganyika. Rangi na harufu ya kilichomo kwenye chupa ya kufyonzea ndivyo vinavyoamua alama sita, na alama sita zinabadili hatari mara kumi.

Tazama pia kinachompa sifuri. Ujana wake unahesabiwa kuwa kinga. Katika mafaili ya Ujerumani ilikuwa hivyo kweli, maana umri kupita miaka 50 na saratani viliambatana na kifo. Kanda ya Ziwa inamleta kijana aliyekwisha kuungua kwa homa wiki mbili, amekonda, damu imepungua, kisha utumbo ukatoboka. Mwili wake hauna akiba ambayo kipimo kinadhani anayo. Madaktari wa Bugando walipochambua vifo vyao, waliona vikiambatana na kuchelewa kupasuliwa, kufika katika hali ya mshtuko, matundu zaidi ya moja, uchafu mwingi tumboni, na VVU pamoja na kinga iliyoshuka. Umri wa 50 haukuwa hadithi ya wagonjwa hawa.

Kisha kuna zile saa 24. Alama inafaa ikiwa inatenganisha watu. Mahali ambapo nusu ya wagonjwa wanafika mapema na nusu wanachelewa, swali hilo lina kazi. Mahali ambapo karibu kila mtu amepitia duka la dawa, zahanati, mganga, na gari la kukodi kabla ya kufika kwa daktari wa upasuaji, karibu kila mtu anapata 4 na swali linakuwa halina meno. Aliyechelewa saa 25 na aliyechelewa siku tano wanaandikiwa namba moja, ingawa aliyewaona wote wawili hatawalinganisha kamwe.

Uchelewaji huo una bei. Nchini Denmark, wagonjwa 2,668 wa kidonda cha tumbo kilichotoboka walifuatiliwa kwenye hospitali 35. Kila saa iliyopita kati ya kupokelewa na kupasuliwa ilipunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 2.4. Wengi wao walikuwa wazee, kwa hiyo siihamishi namba hiyo moja kwa moja hadi kwa kijana wa Mwanza. Lakini fanya hesabu uione inavyokula: saa sita za kungoja damu, mtoa usingizi na umeme zinaondoa karibu asilimia 14 ya nafasi ya kupona. Antibiotiki nazo zina saa yake. Utafiti wa mwaka 2006 kwa wagonjwa waliokwisha kushuka presha kwa sababu ya sepsisi ulionyesha kuwa kila saa ya kuchelewesha dawa sahihi, ndani ya saa sita za kwanza, iliendana na kupungua kwa uhai kwa asilimia 7.6. Dozi ya kwanza ya antibiotiki haihitaji daktari bingwa wala chumba cha upasuaji. Inahitaji iwe kwenye kabati la kituo cha afya, na muuguzi mwenye ruhusa ya kuichoma kabla ya gari la rufaa kuondoka.

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda kwenye mpaka na Kongo, inaonyesha ukubwa wa mzigo huu unapokuja kwa mkupuo. Kati ya mwishoni mwa Desemba 2007 na mwishoni mwa Julai 2009, wachunguzi walihesabu wagonjwa 577 wa mlipuko wa taifodi. Waliotobolewa utumbo walikuwa 249 na waliokufa 47. Vimelea vingi vilivyooteshwa maabara vilikuwa sugu kwa dawa zaidi ya moja. Matumbo 249 ya kufungua ni kazi ambayo hospitali ya wilaya yenye chumba kimoja cha upasuaji haikupangiwa na mtu yeyote, na kila moja liliacha mgonjwa wa kulindwa kwa siku nyingi baadaye.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo, kwa maoni yangu, kila mkurugenzi wa hospitali angepaswa kuifanya kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye majaribio ya Ulaya, mpaka wa hatari uliwekwa kwenye alama 26. Kwa mpaka huo, kipimo kiliwanasa 86 kati ya kila 100 waliokufa baadaye, na kiliwaacha salama 74 kati ya kila 100 waliopona. Ukisoma haraka unaona kipimo kizuri. Kiweke wodini.

Hospitali imewapasua wagonjwa 100 na kwa hali yake watakufa 20. Kipimo kinawanasa 17 kati ya hao 20 na kinawakosa 3. Kati ya 80 watakaopona, kinawatia wasiwasi 21 bila sababu. Jumla ya walioandikiwa hatari ni 38, na wanaokufa kweli ni 17, yaani asilimia 45. Hospitali nyingine, tuseme ya mji wenye barabara nzuri, inapoteza 5 tu kati ya 100. Kipimo kilekile kinawatia alama watu 29, na kati yao wanaokufa ni 4. Anayeambiwa "ndugu yako yuko kundi la hatari" katika hospitali ya kwanza anasikia habari nzito. Katika hospitali ya pili, habari hiyohiyo kwa sehemu kubwa ni kengele ya bure. Kwa hiyo hospitali isiyojua wagonjwa wangapi kati ya 100 hufa kwake haiwezi kujua namba ya Mannheim inaiambia nini. Daftari la chumba cha upasuaji lenye safu ya "alitoka akiwaje" ni kifaa cha ubashiri kabla ya kipimo chochote.

Jambo jingine linasahaulika kirahisi: kipimo hiki hakiwezi kuamua nani apasuliwe. Chanzo na rangi ya majimaji vinajulikana baada ya tumbo kufunguliwa. Alama inazaliwa pale mgonjwa anaposhonwa, na kazi yake ni moja tu, kusema alale wapi na atazamwe mara ngapi. Na hapo ndipo vifo vilipo. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina kwenye hospitali 247 za nchi 25. Walikufa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana. Asilimia 94 ya vifo vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Waliotoka salama kwenye taa kali za chumba cha upasuaji walifia wodini.

Vipo vipimo vingine, na baadhi vinaulizia mambo ambayo hospitali haina. APACHE II ya mwaka 1985 inataka vipimo 12 vya mwili, vikiwamo asidi ya damu ya ateri, sodiamu na potasiamu. Bila mashine ya gesi za damu, daktari anabaki kujaza nafasi kwa kukisia. Kipimo cha WSES cha mwaka 2015 kilijengwa kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 54, na kinagawa vizuri: alama 0 hadi 3, kifo asilimia 0.63, alama 4 hadi 6, asilimia 6.3, kuanzia 7, asilimia 41.7. Kipimo cha Boey, kilichotoka Hong Kong kwa ajili ya kidonda cha tumbo kilichotoboka, kinauliza maswali matatu tu: je, presha imeshuka, kuna ugonjwa mwingine mkubwa, zimepita saa 24?

Kinachonivutia zaidi ni UVA, kilichochapishwa mwaka 2017. Kilitokana na wagonjwa 5,573 waliolazwa katika nchi sita za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Kinaulizia joto la mwili, mapigo, pumzi, presha, oksijeni ya kidoleni, kama mgonjwa anajitambua sawasawa, na hali ya VVU. Hakikutengenezwa kwa tumbo peke yake, na hilo ni pungufu. Lakini kila swali lake linajibika na muuguzi aliyesimama kando ya kitanda. Kipimajoto, mashine ya presha, kibanio cha kidole, na saa ya mkononi. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, jicho likiwa kifuani, bila kuandika "20" kwa mazoea kwenye kila karatasi, ndicho kipimo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachorukwa zaidi. Na UVA kinaweza kurudiwa saa sita baadaye, kisha tena. Alama ya Mannheim, ikishaandikwa, imeandikwa.

Tuje kwenye fedha. Kenya ilikadiria gharama za kumtunza mgonjwa wa UVIKO-19 kwa siku: dola 124.53 kwa mgonjwa mkali wa wodi ya kawaida, dola 599.51 kwa aliye ICU. Ugonjwa ni tofauti, lakini uwiano wa karibu mara tano kati ya wodi na ICU unatupa mwanga. Mfuko wa bima ya afya wa Kenya ulipoanza kazi mwaka 2024, ICU ilipangiwa shilingi 28,000 kwa siku, na mchango wa chini wa mtu asiye na mshahara uliwekwa shilingi 300 kwa mwezi. Siku moja ya ICU ni michango ya miezi 93, karibu miaka minane.

Weka hesabu hiyo juu ya wale 38 walioandikiwa hatari katika hospitali yetu ya mfano. Kila mmoja akilazwa ICU siku tatu kwa bei hiyo ya Kenya, ni shilingi 84,000 kwa mtu na shilingi 3,192,000 kwa wote. Kati ya fedha hizo, 1,764,000 zimewaendea wale 21 ambao wangepona hata hivyo. Sisemi zimepotea, maana hakuna aliyejua mapema nani ni nani. Nasema bei ya kumfikia aliye hatarini inajumuisha asiye hatarini, na anayepanga bajeti kwa wale 17 peke yao anajidanganya.

Hata fedha zikipatikana, vitanda havipo. Hesabu ya mwaka 2020 iliipa Kenya nzima vitanda 537 vya ICU, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na angalau kituo kimoja. Uganda ilihesabiwa vitanda 55 vinavyofanya kazi, sawa na 1.3 kwa kila watu milioni, vingi vikiwa Kampala na viunga vyake. Na kitanda cha ICU chenyewe si hirizi: katika hospitali nne kubwa za rufaa za Tanzania, mafaili ya wagonjwa 5,627 wa miaka ya 2009 na 2010 yalionyesha vifo vya asilimia 41.4 ndani ya ICU.

Kwa hiyo mgonjwa mahututi wetu yuko wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliingia hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kumtazama kila mtu mzima aliyelazwa siku hiyo, jumla wagonjwa 19,872. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi, na karibu asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida. Ndani ya siku saba walikufa takriban mmoja katika kila watano, ilhali kwa wasio mahututi ilikuwa asilimia 2.7. Zaidi ya nusu ya mahututi hawakuwa wanapata huduma ya msingi waliyoihitaji. Huduma yenyewe si mashine kubwa. Ni oksijeni kwa anayekosa pumzi, dripu au dawa ya kupandisha presha kwa aliyeshuka, kumgeuza na kumlinda njia ya hewa aliyepoteza fahamu.

Ningependa kuishia hapo nikisema basi tuwape alama, tuwasogeze karibu na meza ya wauguzi, tuwatazame. Hilo limekwisha kujaribiwa. Kwenye jaribio lililotangazwa mwaka 2021, hospitali 332 za nchi 28 za Afrika ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja ulitumia kikokotoo cha hatari ya upasuaji, na waliobainika kuwa hatarini wakatakiwa kulazwa kwenye uangalizi wa juu au kitanda kinachoonekana na wauguzi, kupimwa mara nyingi zaidi, na ndugu aruhusiwe kukaa kando. Upande wa pili uliendelea kama kawaida. Zaidi ya wagonjwa 28,000 walihusika. Vifo vilikuwa karibu asilimia 1.3 pande zote mbili.

Wapo wanaolisoma jaribio hilo kama hukumu dhidi ya vipimo vya hatari. Mimi sioni hivyo. Watafiti wenyewe waliona kwamba maagizo hayakutekelezwa kikamilifu, na ukijua idadi ya watu waliopo wodini usiku huwezi kushangaa. Karatasi iliwataka wauguzi walewale, kwa zamu zilezile, watazame zaidi. Hakuna saa iliyoongezwa kwenye usiku wao. Uingereza ilipoanzisha ukaguzi wa kitaifa wa upasuaji wa dharura wa tumbo mwaka 2013, vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 11.8, na baada ya miaka michache vilikuwa chini ya 10. Kule namba ya hatari ilifungwa kwenye wajibu: mgonjwa akikadiriwa kufikia asilimia 5, daktari bingwa wa upasuaji na bingwa wa usingizi wawepo chumbani, na baada ya hapo aende kitengo cha uangalizi maalumu. Hospitali isiyofanya hivyo inaonekana kwenye ripoti ya mwaka kwa jina lake. Alama ilikuja na watu.

Basi tuhesabu watu. Tuseme muuguzi anahitaji dakika tano kumpima mgonjwa kikamilifu: pumzi, mapigo, presha, joto, oksijeni, fahamu, na mkojo uliomo kwenye mfuko. Tuseme anampima kila saa kwa saa 72 za kwanza. Ni dakika 360, yaani saa sita za kazi kwa mgonjwa mmoja, na saa 228 kwa wote 38. Zamu ya saa 12 ikigawanya hapo, tunapata zamu 19. Hizo ni zamu 19 za ziada kwa kila wagonjwa 100 wa tumbo wanaopasuliwa, si zamu 19 zinazochukuliwa kutoka wodi ya jirani. Shilingi milioni 3.19 za ICU zikigawiwa kwa zamu 19, kila zamu ingebeba shilingi 168,000. Mlipe muuguzi vizuri kwa usiku ule, kisha kinachobaki kinunue kibanio cha kidole, mitungi ya oksijeni na antibiotiki ya kabatini. Katibu wa afya wa hospitali yoyote ya wilaya anaweza kuiweka hesabu hii mezani kwenye kikao cha bajeti kijacho, akianza na swali ambalo daftari lake la upasuaji linapaswa kulijibu: mwaka jana tuliwafungua wagonjwa wangapi wenye usaha tumboni, na wangapi kati yao walirudi nyumbani?